Nimepata, Ova

Saa moja asubuhi vilima vya Karagwe huwa havipo. Ukungu umevimeza vyote, na migomba iliyo karibu na dirisha husimama kama watu wanaosubiri kuitwa. Saa hiyo mimi huwasha redio ya upepo, navaa hedifoni, na kusikiliza mvumo unaofanana na mvua inayonyesha nchi nyingine.

Ndani ya mvumo mna watu. Rugera. Chonyonyo. Nkwenda. Kamuli. Mwaka ule wa 1992 tulikuwa na vituo kumi na kimoja vijijini, vyote vikitumia masafa mamoja, na sheria ilikuwa moja: akisema mmoja, wengine wanyamaze mpaka atamke "ova", yaani nimemaliza. Wakisema wawili kwa pamoja, sauti zinagongana na hakuna anayesikika. Mimi nilikuwa msimamizi wa kituo kikuu, Kayanga, katika ofisi ya shirika lililopeleka dawa kwenye zahanati. Nilijua kila sauti kwa pumzi yake, ingawa nyuso nyingi sikuwa nimeziona.

Mzee Gaspari wa Kamuli nilimwona mara mbili tu: siku ya harusi yangu na siku ya mazishi ya mume wangu. Marehemu Karekezi alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwake, kwa hiyo mzee aliniita mkamwana, na hakuna mkamwana anayepita bila kusalimiwa.

"Kamuli, Kamuli, hapa Kayanga. Ova."

"Kayanga, mkamwana, hamjambo huko? Ova."

"Hatujambo, shikamoo mzee. Nipe idadi ya—"

"Marahaba. Na watoto? Ova."

"Wazima. Nipe—"

"Na mvua? Huku imenyesha mpaka mbuzi wamelala jikoni. Subiri kidogo. Ova."

Halafu kimya. Dakika nzima ya mvumo mtupu, nami nikimngoja kama mtu aliyeachwa mlangoni. Kisha anarudi, sauti yake safi kuliko mwanzo, na kuendelea na ng'ombe wa jirani.

Nilimpima kwa saa ya ukutani. Dakika nane. Vituo vingine kumi vilikuwa vinangoja, betri zao zikiisha, wakati sisi tunaulizana habari za mbuzi. Mimi ni mtu wa Muleba na sipendi mizunguko. Mwezi wa nne nilitoa amri: hakuna salamu hewani. Taja kituo, taja ujumbe, mpokeaji aseme "nimepata", basi.

"Mama Eugenia," alisema Projest wa Chonyonyo siku ya kwanza, "sasa unatuita kama polisi wa barabarani."

"Lete ujumbe, Projest."

"Sina ujumbe. Nilitaka kukusalimia tu. Ova."

Vituo vyote vilicheka. Ilikuwa kama bonde zima limecheka ndani ya masikio yangu. Lakini amri ilisimama, na tulianza kumaliza zamu yetu kwa dakika ishirini na tano badala ya saa nzima. Nilijipongeza.

Mwezi wa tano shirika lilituletea mwalimu kutoka Bukoba, Egbert Ndyamukama, kijana mwembamba aliyevaa tai hata siku za jua kali. Alikuja na kompyuta mbili na masanduku mawili madogo yenye taa nyekundu, yaitwayo modemu. Shirika lilitaka siku moja barua zitembee kwenye waya na hewani, na mimi nilitakiwa kujifunza somo la mwanzo la mitandao na mawasiliano ya data. Kompyuta moja aliiweka mezani kwangu, nyingine stoo, katikati ya maboksi ya dawa, akaziunganisha kwa waya wa simu.

Alipobonyeza, modemu zilipiga mluzi. Kisha zikalia kama vyura wawili walioko kwenye mabwawa tofauti, zikakwaruza, zikanyamaza, zikalia tena.

"Zimeharibika?" nikamuuliza.

"Zinasalimiana."

"Acha utani, mwalimu."

"Kweli, mama. Hii inauliza: upo? Ile inajibu: nipo, wanisikia? Nakusikia. Unakwenda mwendo gani? Huo ni wa kasi mno, njia ina kelele, twende polepole. Haya. Mpaka zikubaliane, hakuna neno hata moja la barua linalotoka."

"Mashine nazo zina muda wa kupoteza," nikasema. "Mzee Gaspari angepata kazi humo ndani."

Egbert hakucheka, kwa kuwa hakumjua Gaspari. Akachora ubaoni. Barua haiendi nzima, alisema. Inakatwa vipande, kila kipande kinafungwa peke yake, kinaandikwa namba na jina la mahali kinakokwenda. Vipande vinaweza kupita njia tofauti. Njia moja ikifungwa, kipande kinashika nyingine. Kikifika, anayepokea anarudisha neno: cha kwanza kimefika, cha pili kimefika. Neno lisiporudi, anayetuma anatuma tena.

Jioni ile nilikaa kwenye kiti changu kabla ya kufunga ofisi, jua likishuka juu ya migomba, na usingizi ukanipitia. Niliona vilima vyote vya wilaya, navyo vilikuwa wazi, bila ukungu. Juu ya kila njia walikuwa wanatembea wanawake wenye mizigo kichwani iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Hawakuongea. Kila mzigo ulikuwa na namba iliyoandikwa kwa chokaa. Nikajua kwamba mizigo ile ni barua moja, na kwamba mwisho wa njia yuko mtu atakayeifungua yote na kuipanga. Nikatamani kujua barua inasema nini. Mwanamke wa mwisho aligeuka kunitazama, akangoja kitu kutoka kwangu. Sikujua anangoja nini. Nikaamka mate yakiwa yamenitoka kwenye daftari la zamu.

Jumanne jioni, zamu za redio zikiwa zimekwisha, habari ilikuja. Chuo cha uuguzi kilikuwa kinatuma watu wake Kayanga kwa siku moja tu, Ijumaa, kuwasaili wasichana wa wilaya. Mwisho saa nane mchana. Binti yangu Eugenia alikuwa ameomba mara mbili na kukosa mara mbili. Mwaka ule alitimiza miaka ishirini na mitano, na chuo hakipokei aliyezidi hapo. Asiposailiwa Ijumaa ile, uuguzi ulikuwa umekwisha kwake.

Eugenia alikuwa Kamuli, kwa bibi yake mzaa baba, Nyirabageni, akisaidia kuchuma na kuanika kahawa. Hakukuwa na barua ambayo ingefika kwa siku mbili. Lakini mimi nilikuwa na redio.

Jumatano saa moja asubuhi radi ilikuwa inatembea upande wa Rwanda. Kila ilipopiga, hedifoni zilipasuka masikioni mwangu. Sikujali. Nilikuwa na vituo kumi na kimoja na ujumbe wangu mmoja.

"Kamuli, hapa Kayanga. Ujumbe. Eugenia binti Karekezi apande lori la kahawa kesho asubuhi Nkwenda, aje Kayanga na vyeti vyake vyote. Usaili ni Ijumaa, mwisho saa nane. Ova."

Mvumo. Radi. Kisha sauti ya Gaspari, mbali, kama mtu anayesema kutoka chini ya kisima.

"Nimepata. Ova."

"Rugera, hapa Kayanga," nikasema, nikasonga mbele.

Alhamisi saa tisa alasiri lori la kahawa liliingia Kayanga likiwa limejaa magunia na watu juu ya magunia. Nilisimama pale linaposhushia na kumtazama kila mwanamke aliyeteremka. Walikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Aliteremka wa mwisho, akapangusa sketi yake, akaenda zake. Hakuwa wangu.

"Umemwacha msichana Nkwenda?" nikamuuliza dereva.

"Mama, mimi siachi mtu. Hata kuku nimepakia."

Nilirudi ofisini karibu nikikimbia. Saa kumi ndiyo zamu yetu ya pili. Dakika zile za kungoja nilizitumia kumfokea Egbert, aliyekuwa anafunga nyaya zake.

"Umesema neno likirudi, mzigo umefika. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Mtu amenijibu nimepata, na hajapata. Kitabu chako kinasemaje?"

Alifikiri, mkono kwenye tai. "Kitabu hakisemi, mama. Mashine haina adabu kiasi hicho, ya kuitikia ambacho haikupata."

Saa kumi ikafika, nikawasha. Ukungu haukuwapo, jua lilikuwa kali, na bado niliona kama nimeingia tena kwenye ile njia ya ndotoni, na mwanamke wa mwisho amegeuka, anangoja.

"Kamuli, Kamuli, hapa Kayanga. Ova."

"Kayanga, nakusikia kidogo. Lete ujumbe. Ova." Alisema kwa haraka, kama nilivyomfundisha. Kama mtu aliyekatazwa kuketi.

Nikaminya kitufe. "Shikamoo, mzee Gaspari. Ova."

"Marahaba, mkamwana," akasema taratibu. "Marahaba sana. Hamjambo huko? Ova."

"Hatujambo. Ninyi je? Na mvua? Ova."

"Mvua ipo. Subiri kidogo. Ova."

Nikasubiri. Mara hii nilisikiliza. Mbali ndani ya mvumo nilisikia mlango ukilia, kisha nyayo, kisha kitu kama jani kubwa linalokwaruza. Ghafla mvumo ukapungua, na Gaspari akawa kama yuko chumbani.

"Nimerudi. Sasa nakusikia vizuri. Ova."

"Ulikwenda wapi, mzee? Ova."

"Nje. Majani ya mgomba yakilowa yanalalia waya wa antena. Wewe ukianza kusalimia ndipo najua husikiki vizuri, natoka nayaondoa kwenye waya. Siku hizi husalimii. Nikitoka, nikirudi, nakuta umeshahamia Rugera. Ova."

Vituo vyote vilikuwa vinasikiliza.

"Mzee, jana nilikupa ujumbe wa Eugenia. Ulijibu nimepata. Ulipata nini? Ova."

"Nilipata 'kesho'. Ova."

"Kesho tu? Ova."

"Na radi."

"Mbona hukusema hukusikia?"

"Mkamwana." Sauti yake ilikuwa na subira ya mtu anayemweleza mtoto jinsi ya kumenya ndizi. "Wewe ni mke wa nyumba ile. Umesema, watu kumi wanasikiliza. Mimi nikuambie mbele yao, sikukusikia, sema tena? Nikuaibishe? Mgeni akisema, unaitikia. Nilisema nitamuuliza mtu atakayetoka Kayanga. Hajatoka mtu. Ova."

Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Amri ilikuwa yangu. Nilimnyima muda wa kuyaondoa majani kwenye waya, kisha nikamdai jibu, naye akanipa lile jibu ambalo mtu mwenye malezi hutoa. Nikamweleza yote upya, polepole, sentensi moja moja, na baada ya kila moja nikamwomba aniambie alichosikia. Alinirudishia neno kwa neno. Alipofika kwenye "kesho, saa nane, mwisho", sauti yake ilibadilika.

"Kesho hakuna lori Nkwenda. Ova."

"Najua. Ova."

Nikaacha kitufe. Nilisikiliza mvumo kama mtu anayesikiliza mvua kujua kama itakatika. Kumbe sheria ya kunyamaza ilikuwa na faida moja: kila kituo kilikuwa kimesikia kila neno.

"Kayanga, hapa Chonyonyo," akasema Projest. "Mama Eugenia, shikamoo. Nakusalimia kwa makusudi. Gari la chanjo lilikuwa hapa mchana. Dereva alisema kesho asubuhi anapeleka chanjo Nkwenda, kisha anarudi Kayanga na maboksi matupu. Ova."

"Anatoka Nkwenda saa ngapi? Ova."

"Anaposhusha tu. Dereva yule hapendi kukaa. Anafanana na wewe. Ova."

"Nkwenda hapa." Ilikuwa sauti ya Deodatha, muuguzi wa zahanati. "Akishusha kwangu anakula kwangu. Nitampikia ndizi na maharage, na maharage yangu hayaivi haraka. Mleteni huyo msichana. Saa nne asubuhi, si zaidi. Ova."

"Kutoka hapa mpaka Nkwenda nina baiskeli," akasema Gaspari. "Nitamleta mwenyewe. Tutatoka alfajiri. Ova."

"Mzee, una miaka sitini na ngapi?" akauliza Projest.

"Sijasema nitaendesha mimi. Nimesema nina baiskeli. Ova."

Bonde likacheka tena. Egbert alikuwa amesimama nyuma yangu, nyaya mkononi, na alikuwa anatazama redio kama mtu aliyeona ubao wake unatembea.

Ijumaa saa moja asubuhi ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Niliita Kamuli bila matumaini, maana mwenye redio alikuwa njiani.

"Kamuli, Kamuli, hapa Kayanga. Ova."

Mlio. Mlio. Mtu alikuwa anaminya kitufe na kukiacha. Kisha sauti nyembamba, ya zamani, ikitoka kwenye ukungu wenyewe.

"Auleria?"

Nilisimama. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiniita kwa jina langu huko Kamuli. Tangu mazishi ya Karekezi hatukuwa tumezungumza zaidi ya mara tatu, mama mkwe na mimi, tena kwa barua fupi ambazo mimi ndiye niliyezifupisha.

"Shikamoo, mama. Ova."

"Marahaba, mwanangu. Gaspari ameniambia niminye hapa. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, mama. Na wewe? Na miguu? Ova."

"Miguu ipo. Migomba ipo. Kahawa imebaki mkekani, nami peke yangu. Karekezi angekuwa na miaka hamsini mwezi huu, unajua?"

Nilijua. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilimwambia yeye, hewani, mbele ya vituo kumi, na hakuna aliyetuingilia. Sikuitazama saa ya ukutani. Nadhani ilikuwa dakika nyingi.

"Sasa," akasema hatimaye, "ujumbe. Wametoka jogoo wa pili. Msichana anaendesha, Gaspari yuko nyuma na mwavuli. Vyeti viko kifuani mwake, ndani ya mfuko wa nailoni. Amekula. Haya, sema nilichosema."

"Wametoka jogoo wa pili. Eugenia anaendesha, mzee yuko nyuma na mwavuli. Vyeti viko kifuani, kwenye mfuko wa nailoni. Amekula. Ova."

"Umesahau?"

"Nini, mama?"

"Hujasahau. Nilikuwa nakupima."

Saa nne kasorobo Deodatha alivunja ratiba akaniita: wamefika, mzee amelala kwenye benchi la wagonjwa, msichana ananawa uso. Saa nne na nusu: dereva ananung'unika, maharage bado. Saa tano: wameondoka. Baada ya hapo barabara haikuwa na kituo, na mimi nilikuwa na ule mvumo tu. Niliufuata kwa akili, kona baada ya kona, vumbi likisimama nyuma ya gari na kulala tena, mpaka sikujua kama nimekaa kitini au nimekaa juu ya maboksi matupu ya chanjo, ubavuni mwa binti yangu. Egbert aliniletea chai. Ilipoa.

Saa saba na dakika arobaini na tano gari lilisimama mbele ya jumba la usaili, nami nilikuwa mlangoni. Eugenia aliruka chini. Magoti yake yalikuwa na grisi ya mnyororo, nywele zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi. Nilikuwa na neno moja tayari mdomoni: ingia.

Akapiga magoti pale pale kwenye changarawe, kama bibi yake alivyomfundisha.

"Shikamoo, mama."

Watu wa chuo walikuwa wanakusanya karatasi zao. Dakika zilikuwa zimebaki kumi na tano.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Umeamkaje? Bibi hajambo?"

"Hajambo. Amesema ana kahawa nyingi na mikono miwili."

"Nimesikia. Wanisikia vizuri?"

Alinitazama kama nimeugua. "Nakusikia, mama."

"Basi simama. Pangusa magoti. Ingia."

Aliingia. Mlango ukafungwa nyuma yake, na nilisikia sauti ya mwanamke ikimwambia aketi, na sauti yake ikiitikia bila kutetemeka.

Sikungoja amalize. Saa kumi ilikuwa bado mbali, lakini vituo kumi vilikuwa vinangoja neno moja lirudi, pamoja na mzee mmoja ambaye hakukubali kurudi Kamuli kabla hajalisikia. Niliwasha redio.

"Vituo vyote, hapa Kayanga. Hamjambo? Ova."

Wote wakajibu kwa pamoja, sauti zikagongana, sikusikia hata moja. Nikazisubiri zitulie.

"Eugenia amefika. Ameingia kabla ya saa nane. Jibu la usaili hatuna bado. Asanteni. Ova."

"Nimepata," akasema Gaspari kutoka kwa Deodatha, Nkwenda, na usingizi bado sautini.

"Umepata nini, mzee?" nikamuuliza. "Rudia. Ova."

"Rudia wewe kwanza shikamoo," akasema. "Umenisalimia na kundi zima kwa mkupuo, kama mbuzi. Ova."

Nikaminya kitufe, nikaanza upya.